Maisha ya Guglielmo Marconi

Mhariri aliniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu wa gazeti letu. Wenzangu walionitangulia wameandika habari za majemadari, wafalme na washairi. Mimi nimemchagua Guglielmo Marconi, bwana wa simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoiita redio ilipokuwa ingali ngeni. Sikumchagua kwa kuwa nampenda kuliko watu wengine. Nilimchagua kwa sababu ya waya ulioanguka, na waya huo niliufunga mimi.

Wanafunzi wote wanaijua antena ya Chama cha Sayansi, iliyotungikwa kati ya mwarobaini ulio nyuma ya maabara na mnara wa tangi la maji. Kwa wazazi wasiopata kuiona nitaeleza kidogo. Kutoka katikati ya antena hiyo hushuka nyaya mbili hadi dirisha la maabara, ambamo imo redio yetu ya masafa mafupi. Nyaya hizi sharti zishuke pamoja, sambamba, bila kugusana, na nafasi iliyo kati yake isibadilike tangu juu hadi chini. Sababu yake ni kwamba umeme unaopita katika waya mmoja huenda kinyume na ule unaopita katika mwenziwe, na nyaya zikiwa karibu na zimelingana, makelele yanayodakwa na waya mmoja hufutwa na yale ya waya wa pili. Zikigusana, basi habari imekwisha. Ndiyo maana huwekwa vijiti vya kuzitenganisha, kimoja chini ya kingine. Sisi huviita vipandio, kwa kuwa nyaya hizo zikitazamwa kwa mbali zafanana na ngazi ya kumpandisha panya mbinguni.

Kazi ya kufunga vipandio nilipewa mimi. Nilikata vipande 24 vya mwanzi, kila kimoja sentimita 10, nikatoboa tundu kila mwisho, nikapitisha nyaya, kisha nikatia gundi. Gundi ilikauka vizuri nami nikaringa. Siku ya pili mvulana mmoja wa kidato cha pili alinijia akasema kwamba jua limeilegeza gundi, na vipandio vya juu vimeanza kuteleza. Nilimjibu kwamba yeye bado mdogo na mawimbi hajayasoma. Usiku wa tatu ulivuma upepo mkali pamoja na mvua. Kulipokucha tulikuta vipandio vyote vimeporomoka na kurundikana chini kama shanga, nyaya zimesokotana, kiungo cha katikati kimekatika, na mkono mmoja wa antena umelala katika njia ya kwendea bwalo. Usiku ule hapakuwa na mtu njiani. Lakini asubuhi njia hiyo hupita shule nzima ikienda kunywa uji.

Mwalimu wetu wa fizikia hakunikemea. Alinipa kitabu cha maisha ya Marconi, akaniagiza nikisome chote kabla sijagusa waya tena. Nilidhani ni adhabu. Nilipofika habari za mahali panapoitwa Poldhu nilifahamu kwa nini alinipa.

Guglielmo Marconi alizaliwa katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, tarehe 25 Aprili, 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba na mtu wa kubana fedha. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ayalandi, katika ukoo wa matajiri wa kutengeneza wiski. Kwa hiyo mtoto alikua akisema Kiitaliano na Kiingereza pamoja, jambo lililomfaa sana baadaye. Shuleni hakung'aa. Alifundishwa zaidi na walimu wa nyumbani, wala hakupata kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alichopenda ni umeme. Jirani yao mmoja alikuwa Profesa Augusto Righi wa Chuo Kikuu cha Bologna, na profesa huyo alimruhusu kijana kusikiliza mafunzo yake na kutumia vitabu.

Mwaka 1894 alifariki Heinrich Hertz, mtaalamu wa Ujerumani ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa amethibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, yapitayo hewani kwa mwendo wa nuru. Wataalamu wengi waliyaona mawimbi hayo kuwa jambo la ajabu la kuonyeshana katika chumba cha majaribio. Kijana Marconi, mwenye umri wa miaka 20, alisoma habari zake akaona kwamba yanaweza kupeleka ujumbe. Husimuliwa kwamba alishangaa mno kwa nini wakubwa wenye elimu hawakuliona jambo lililo wazi namna hiyo.

Akajifungia katika dari ya nyumba yao ya shamba, Villa Griffone, karibu na kijiji cha Pontecchio. Baba alinung'unika kwamba mtoto anapoteza wakati na fedha. Mama alimlinda, akimpelekea chakula mlangoni. Usiku mmoja alimwamsha mama yake, akampandisha darini, akabonyeza swichi upande mmoja wa chumba, na kengele ikalia upande wa pili pasipo waya wowote kati yake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, nalo halikuwa jambo la hesabu bali la kutungika vitu. Mitambo ya Hertz ilikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyokaa pande mbili za cheche, na mawimbi yake hayakufika mbali. Mwaka 1895 Marconi alitoka nje bustanini, akainua kipande kimoja cha bati juu ya mti na kingine akakizika ardhini. Mara mawimbi yalikwenda mbali zaidi. Akainua juu zaidi, yakaenda mbali zaidi. Basi akajua kwamba njia ya kufika mbali ni kupandisha waya. Siku moja kaka yake Alfonso alikwenda na chombo cha kupokelea nyuma ya kilima, mahali asipoonekana. Walikuwa wamepatana kwamba ujumbe ukifika, bunduki ifyatuliwe. Guglielmo alibonyeza mara tatu, na mlio wa bunduki ukasikika toka ng'ambo ya kilima. Ulikuwa mwendo wa kilomita mbili hivi. Tangu siku hiyo hadi alipokuwa mtu mzima, kila alipotaka kufika mbali zaidi alitafuta kitu kirefu zaidi cha kutungikia waya, na kila kitu kirefu kina adui mmoja, yaani upepo.

Mwaka 1896 mama yake alimpeleka Uingereza, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na meli nyingi na jamaa wa mama wenye uwezo. Forodhani maafisa walikifungua kisanduku chake chenye nyaya wakakiharibu, ikambidi kuunda vyombo upya. Mwezi Juni mwaka huo aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake. Mhandisi mkuu wa Posta, William Preece, alimpokea vizuri na kumpa nafasi ya kufanya majaribio.

Katika majaribio hayo alikutana na George Kemp, ambaye zamani alikuwa baharia wa jeshi la majini na sasa alikuwa akifanya kazi Posta. Naomba wasomaji walishike jina hili. Vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja, lakini mimi nimemhesabu kuwa nusu ya Marconi. Marconi alijua wapi waya unapotakiwa kuwa, na Kemp alijua jinsi ya kuufikisha huko na kuuacha ukae. Mafundo, kapi, milingoti na kamba za kukazia, yote hayo alikuwa ameyajua majini. Alikaa na Marconi zaidi ya miaka 30, mpaka alipokufa mwaka 1933.

Mwezi Mei, 1897, walijaribu kuvuka mkono wa bahari kati ya Lavernock, katika Wales, na kisiwa kidogo cha Flat Holm, mwendo wa maili tatu na zaidi. Mwanzoni haikusikika kitu. Basi walikishusha chombo mpaka ufukoni chini ya jabali na kuunga waya, ukawa mrefu zaidi, na ujumbe ukafika wazi. Mwaka ule ule ilianzishwa kampuni yake. Mwaka 1899 ujumbe ulivuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza, na mwezi Aprili mwaka huo meli ya taa ya East Goodwin, iliyogongwa na meli nyingine, iliita msaada kwa simu ya upepo. Umri wake ulikuwa miaka 25 tu.

Sasa Poldhu. Hapo ni mahali penye majabali katika Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, ambapo upepo wa Bahari ya Atlantiki hufika kwanza. Marconi alikuwa ameazimu kuivuka Atlantiki. Wataalamu wengi walisema haiwezekani, maana mawimbi huenda moja kwa moja na dunia ni mviringo. Naye alitaka kuthibitisha kwa vitendo. Profesa John Ambrose Fleming alisanifu mtambo wa kutoa cheche kubwa. Na kwa ajili ya antena ilisimamishwa milingoti 20, kila mmoja urefu wa futi 200, yaani mita 61, imepangwa kwa duara. Nyaya nyingi zilikusudiwa kutungikwa toka vichwa vya milingoti na kukutana chini katikati, mfano wa pia iliyosimama kwa ncha yake.

Tazameni jinsi milingoti hiyo ilivyofungwa. Kila mlingoti ulifungwa ardhini kwa kamba za kukazia zilizoelekea katikati ya duara na nje yake tu. Kwa upande wa majirani zake, vichwa viliunganishwa kwa kamba kutoka mlingoti hadi mlingoti, kuzunguka duara lote. Maana yake, kila mlingoti ulimtegemea jirani. Mhandisi mmoja wa kampuni, Richard Vyvyan, aliyepewa kazi ya kujenga duara la pili kama hilo huko Cape Cod, Marekani, aliuona ubaya wake. Alisema kwamba mpango huo si salama, kwani mlingoti mmoja ukiondoka yote itafuata. Hakusikilizwa. Akaambiwa ajenge kama ilivyochorwa, akajenga.

Tarehe 17 Septemba, 1901, dhoruba iliipiga Poldhu na milingoti yote 20 ikaanguka. Tarehe 25 Novemba mwaka huo huo upepo uliiangusha milingoti ya Cape Cod vile vile. Niliposoma habari za Vyvyan nilikifunga kitabu kwa muda, nikamkumbuka yule mvulana wa kidato cha pili.

Lakini Marconi hakukaa kulia. Huko Poldhu waliondoa magogo, wakasimamisha milingoti miwili tu, mifupi kuliko ile ya kwanza, wakavuta kamba nene kati yake, na katika kamba hiyo wakatungika nyaya za shaba hamsini na kitu, zimeachana karibu yadi moja kwa juu na kukutana chini, kama upepeo uliofunguliwa. Mtu aweza kuuliza kwa nini nyaya nyingi, na kwa nini ziachane. Jibu ni kwamba nyaya zikikaa pamoja kama fungu la kuni hufanya kazi kama waya mmoja mnene, lakini zikiachana hubeba umeme mwingi zaidi kuliko waya mmoja, kama vile karai pana lishikavyo maji mengi kuliko kikombe. Nafasi iliyo kati ya nyaya ni sehemu ya antena sawa na waya wenyewe. Jambo hili sikulifahamu nilipokuwa nikitia gundi. Nilidhani kipandio ni pambo la kuzuia nyaya zisigusane tu.

Tarehe 26 Novemba, siku moja baada ya maafa ya Cape Cod, Marconi alipanda meli Liverpool pamoja na Kemp na msaidizi mwingine, Percy Paget. Kwa kuwa kituo cha Cape Cod kilikuwa kimekwisha, walikwenda Newfoundland, nchi ya Amerika iliyo karibu zaidi. Walifikia mji wa St. John's tarehe 6 Desemba wakapanga vyombo vyao katika jengo la zamani juu ya kilima kiitwacho Signal Hill. Mlingoti hawakuwa nao. Walichukua maputo na tiara za kuinulia waya.

Tiara zile zilikuwa za namna iliyobuniwa na Meja Baden Baden-Powell. Jina hili litawashtua maskauti wa shule yetu, na sawa litawashtua, kwani meja huyo alikuwa ndugu wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya.

Upepo wa huko ulikuwa wa baridi kali. Puto moja lilikatika likaenda zake. Tarehe 12 Desemba tiara ya kwanza nayo ilichukuliwa na upepo pamoja na waya wake. Tiara ya pili ilikaa, ikiyumba, imebeba waya wa futi 500. Huko Poldhu, kila siku kwa saa zilizopatanwa, mtambo ulitoa herufi moja tu ya alama za Morse, yaani S, nukta tatu, tena na tena. Kazi ya kukaa ndani na kusikiliza ilikuwa ya Marconi. Taabu ilikuwa kwamba tiara ilipopanda na kushuka, na waya uliinuka na kuinama, hata chombo chake kizuri cha kuchagua mawimbi hakikuweza kutulia. Ikambidi akiache na kutumia chombo rahisi pamoja na kisikilizio cha simu. Yapata saa sita na nusu mchana alisikia nukta tatu, dhaifu sana. Akampa Kemp kisikilizio, na Kemp naye akazisikia. Kutoka Poldhu hadi mahali pale ni kama maili 2,100.

Nikiwa mwanafunzi wa sayansi ni lazima niandike pia kwamba mpaka leo wako wataalamu wanaotia shaka. Mashahidi walikuwa wawili tu, na hakuna karatasi iliyoandikwa na chombo chenyewe. Tena ulikuwa mchana, na mawimbi marefu ya namna ile hufifia sana mchana yanapopita mbali. Marconi mwenyewe alilithibitisha jambo hili bila kukusudia. Mwezi Februari, 1902, alisafiri katika meli Philadelphia huku akipokea alama za Poldhu, safari hii zikiandikwa katika utepe wa karatasi mbele ya nahodha. Usiku zilifika zaidi ya maili 2,000, lakini mchana zilikoma kwenye maili 700 hivi. Je, ile siku ya Signal Hill alisikia Poldhu, au alisikia radi za mbali? Mimi nadhani alisikia, lakini nakiri kwamba napenda iwe hivyo, na kupenda si ushahidi.

Kampuni ya simu za chini ya bahari ilimtishia kumshtaki, kwa kuwa ilikuwa na haki ya peke yake katika Newfoundland. Basi alihamia Kanada, mahali paitwapo Glace Bay, na mwezi Desemba, 1902, ujumbe kamili ulivuka Atlantiki kwenda Uingereza. Jambo lililonifurahisha ni minara. Huko Glace Bay na Poldhu pia hawakurudia duara la milingoti. Walijenga minara minne ya mbao, minene. Sikuona popote kwamba Vyvyan aliombwa radhi, ila kituo hicho cha Kanada alihusika sana katika kukijenga.

Miaka iliyofuata meli nyingi zilitiwa simu ya upepo. Ukitazama picha za meli za wakati ule utaona nyaya mbili, nne au zaidi zilizovutwa kati ya mlingoti wa mbele na wa nyuma. Kila mwisho zimefungwa katika mti wa kuzitanua, na kati ya waya na mti huo pana kizuizi cha umeme. Mti huo ndio babu wa vipandio vyetu. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya vyetu, maana meli hulala huku na huku, na moshi wa bomba huwa juu yake mchana kutwa. Mabaharia waliziweza nyaya hizo kwa kuzikaza kwa kamba ya kupandishia, zisipate kulegea na kusokotana.

Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani. Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, meli Titanic iligonga mlima wa barafu. Vijana wawili wa kampuni ya Marconi, Jack Phillips na Harold Bride, waliendelea kuita msaada mpaka maji yalipokaribia chumba chao. Phillips alikufa, Bride aliokoka. Watu 1,500 hivi walikufa, na wengine 700 hivi waliokotwa na meli Carpathia, iliyokuja kwa sababu ilisikia mwito ule. Marconi alikuwa New York, akaenda bandarini Carpathia ilipofika. Mwaka huo huo mwezi Septemba alipata ajali ya gari nchini Italia akapoteza jicho la kulia.

Habari za nyumba yake nitazipita upesi. Alioa mwaka 1905 mke wa Ayalandi, Beatrice O'Brien, wakapata watoto, lakini ndoa ikavunjika. Mwaka 1927 alimwoa Maria Cristina Bezzi-Scali, wakapata binti aliyeitwa Elettra, jina lile lile la meli yake ya starehe. Katika meli hiyo alifanya majaribio ya mawimbi mafupi miaka ya 1920, na pamoja na mhandisi wake Charles Franklin waliunda antena za kuelekeza mawimbi upande mmoja kama mwanga wa kurunzi. Kwa njia hiyo Uingereza iliunganishwa na Kanada mwaka 1926, na mwaka uliofuata na Australia, Afrika Kusini na Bara Hindi, kwa nguvu ndogo mno kuliko zile za Poldhu. Redio yetu ya maabara ni mjukuu wa mawimbi mafupi hayo.

Kuna jambo ambalo kitabu nilichopewa kililigusa kidogo tu, nami sitaki kulificha. Mwaka 1923 Marconi alijiunga na chama cha Mafashisti cha Mussolini. Alipewa vyeo vikubwa, na tangu mwaka 1930 alikuwa rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia. Mwaka 1935 Italia ilipoivamia Ethiopia kwa ndege na gesi ya sumu, aliitetea nchi yake hadharani. Mtu aliyetumia ujana wake kuwafikishia sauti watu waliokuwa wakizama baharini hakuisikia sauti ya Waafrika hao. Niliposoma hayo niliona uzito kuendelea na makala hii. Mwalimu alinishauri niandike yote, na wasomaji wamhukumu wenyewe.

Alikufa Roma tarehe 20 Julai, 1937, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 63. Vituo vya redio katika nchi nyingi vilinyamaza dakika mbili. Kwa dakika hizo anga lilikuwa kimya karibu kama alivyolikuta alipokuwa mtoto. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu kubwa ya madai yake juu ya njia ya kuchagua mawimbi, ikisema kwamba wengine, wakiwamo Oliver Lodge, Nikola Tesla na John Stone, walikuwa wametangulia. Kaburi lake liko Villa Griffone, chini ya nyumba ile aliyoanzia.

Sasa narudi kwenye ngazi yetu. Nilipomaliza kitabu nilimwendea yule mvulana wa kidato cha pili mbele ya wanachama wote, nikamwomba radhi, na nikamwomba tufanye kazi pamoja. Mianzi tuliitupa, kwa kuwa hunywa maji ya mvua na kupitisha umeme kidogo. Tulikata vipandio 24 vipya kwa bomba la plastiki. Kila mwisho tulichonga pengo dogo la kuubana waya, na nyuma ya pengo, upana wa ukucha, tukatoboa tundu kwa keekee. Katika tundu hilo tulipitisha waya mwembamba wa shaba tulioufungua kutoka katika mota mbovu, tukauzungusha mara tatu juu ya waya mkubwa upande wa juu wa kipandio, kisha mara tatu upande wa chini. Hivyo kipandio hakiwezi kupanda wala kushuka. Tulitumia shaba kwa shaba, maana chuma kikigusana na shaba penye unyevu huliwa upesi. Gundi hatukutia hata tone. Faida nyingine ni kwamba kipandio kimoja kikivunjika chaweza kubadilishwa peke yake bila kuzifungua nyaya zote. Tena tuliusogeza mwisho wa antena, usipite tena juu ya njia ya bwalo.

Kila Jumamosi baada ya usafi yule mwenzangu huenda kuvikagua vipandio kutoka chini, akivihesabu kwa kidole. Majuma mawili yaliyopita alinijia akasema kwamba cha tatu kutoka juu kimeinama. Nilikitazama nikaona kimenyooka kabisa. Hata hivyo tuliomba ruhusa kwa mwalimu, tukashusha antena, na tukakuta waya mwembamba wa upande wa kushoto umekatika, kipandio kinashikwa na mzunguko mmoja tu. Tuliufunga upya, tukapandisha, na saa mbili usiku tukafungua redio.